Ushuhuda Wangu Ulinitangulia Nyumbani

"Mimi ndiye niliyeichoma ile karakana! Mimi, kwa mkono wangu huu!"

Sauti hiyo ilikuwa inapita barabarani, nje ya dirisha la bafu la mama yangu, kwenye vipaza sauti vinne vilivyofungwa juu ya gari.

Na ilikuwa sauti yangu!

Mimi mwenyewe nilikuwa humo bafuni, nimejipaka sabuni mwili mzima, kopo mkononi, hata taulo sijui nimeliacha wapi.

"Niliwasha kiberiti nikakitupa kwenye maranda! Nikasimama mbali nikitazama moto unavyokula jasho la seremala wa mtaani kwetu! Lakini Yesu..."

Gari likakata kona, sauti ikafifia.

Jamani, nikakaa juu ya ndoo. Seremala wa mtaani kwetu anaishi nyumba ya sita kutoka kwa mama. Ya sita!

Mama akagonga mlango wa bafu.

"We mtoto, umelisikia hilo gari?"

"Nimelisikia, mama."

"Huyo anayesema humo si wewe?"

Nikagongesha kopo kwenye ndoo kama sijasikia.

"Nakuuliza, si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa hiyo karakana uliichoma lini, wakati siku ile ulikuwa kambi ya kwaya na suruali ya kuazima?"

Sabuni ilikuwa inanikaukia mwilini na mimi nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, naomba msinitukane kwanza. Nitasema yote. Mtanitukana mwishoni, mkiwa na sababu kamili.

Mimi ni mwinjilisti. Au nilikuwa, sijui niseme vipi.

Mama yangu alikuwa msafishaji wa kanisa, na mimi nimekulia chini ya mabenchi, nikifuata kitambaa chake cha vumbi. Sijawahi kuiba. Sijawahi kuvuta chochote. Dhambi yangu kubwa utotoni ilikuwa kuonja divai ya Meza ya Bwana, nayo niliitapika yote kwenye viatu vya mzee wa kanisa.

Wito nilipata, na ulikuwa wa kweli, hilo silifanyii mzaha hata leo. Nikaenda chuo cha Biblia.

Sasa kule chuoni, kila Ijumaa kulikuwa na somo la ushuhuda. Unasimama mbele, unaeleza Mungu alikutoa wapi. Mmoja alikuwa jambazi. Mwingine alikaa jela miaka saba. Mwingine alikuwa mganga, ana makovu mpaka mgongoni!

Zamu yangu ikafika.

"Nilizaliwa kanisani, nikakulia kanisani, na leo niko hapa. Namshukuru Mungu."

Mwalimu akatazama saa yake.

"Mwinjilisti, huo ni ushuhuda au ni ratiba ya ibada?"

Darasa zima likavunjika mbavu. Nilicheka nao, lakini ndani niliumia, acheni tu. Nilijiona sina kitu cha kumpa Mungu.

Ijumaa iliyofuata nikasimama tena, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema kwamba ujana wangu ulikuwa mchafu. Kwamba niliwahi kuchoma karakana ya seremala.

Kwa nini karakana? Kwa sababu iliungua kweli mtaani kwetu, nikiwa na miaka kumi na sita. Nilirudi kutoka kambini nikakuta majivu. Nilikuwa naikumbuka ile harufu, basi nikaichukua.

Mganga akalia! Mwalimu akanishika bega.

"Huo sasa," akasema.

Miaka sita nimezunguka na ushuhuda ule. Kila mji nikiongeza chumvi. Mara kiberiti, mara upepo, mara malaika akanishika mkono. Na watu waliokoka, jamani, waliokoka kweli, wakaacha pombe, wakarudi kwa wake zao. Nikifikiria kusema ukweli nawaona wale watu, nafunga mdomo.

Sasa mwaka jana huduma yetu ikabadilisha utaratibu. Kila mwinjilisti wa muda wote apelekwe umisionari kanda ya kwao, akakae huko moja kwa moja. Kule anajua lugha, anajua njia, anajua nani ni mjomba wa nani.

Wenzangu walishangilia. Mimi nikaisoma ile barua mara tatu.

Nikamfuata mratibu wetu ofisini.

"Mratibu, mimi nipelekeni mbali. Popote. Hata kwenye mbu."

"Kwa nini? Nyumbani ndiko watakusikiliza kuliko kote!"

"Nyumbani wananijua sana."

"Ndiyo uzuri wenyewe!"

Nikajipa moyo. Nikasema nikifika nyumbani nitahubiri Neno tu, hayo ya moto nitayaacha huko huko nilikoyaokota.

Nilisahau kitu kimoja, na ni kitu cha kazi yetu wenyewe. Siku chache kabla ya mkutano, gari la matangazo hutangulia kuzunguka mitaa likipiga ushuhuda wa mhubiri. Wangu niliurekodi mwenyewe, stoo ya ofisini, tumetundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Lakini mimi siku zote nafika mwishoni, gari limeshamaliza kuzunguka. Sikuwahi hata siku moja kulisikia likipita.

Safari hii nilikuwa nimewahi kwa sababu nilimkumbuka mama.

Nikajisuuza haraka haraka, nikampigia mratibu simu.

"Simamisha hilo gari!"

"Nisimamishe? Unajua watu wanavyotoka majumbani? Wanaliandama gari kwa miguu! Sijawahi kuona!"

"Weka rekodi nyingine."

"Mtumishi, shetani anakutisha. Mkemee. Jumamosi saa tisa, uwanja wa shule, hapatakuwa na pa kukanyaga!"

Akakata.

Ngoja niwaeleze ule moto, maana hapa ndipo penye uchungu.

Ulikula karakana yote. Mtoto wa kwanza wa seremala, kijana wa miaka kumi na saba wakati ule, alikimbilia ndani kuokoa mashine ya baba yake. Alitoka na mikono yote miwili imeungua. Mpaka leo vidole vimeshikana. Hawezi kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe.

Na lawama ilimwangukia mwanafunzi wa seremala, mmoja mwembamba tuliyemwita Msumari. Alikuwa na ufunguo, na asubuhi ile alikuwa amegombezwa mbele za watu. Basi, ikatosha. Walimpiga mpaka akapoteza jino, akakimbia, hakurudi tena. Miaka kumi na minne!

Mama yake alibaki. Ni fundi cherehani. Watu wengi waliacha kumpelekea nguo.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Ila nilipokuwa nasimulia huko mbali, kwenye simulizi yangu hapakuwa na Msumari. Nilimtoa ili nikae mimi. Sikuwahi kufikiri zaidi ya hapo.

Saa nane mchana, Alhamisi hiyo hiyo, mlango ukagongwa.

Nikajificha nyuma ya pazia, mtu mzima na ndevu zangu!

"Yupo?" sauti ya mwanamke.

"Yupo, karibu," mama akasema. Mama hajui kudanganya, ndiyo shida yake.

Alikuwa Mama Msumari. Amekonda. Tepu ya kupimia bado iko shingoni, ameondoka kazini bila kuivua. Nikatoka nyuma ya pazia, nimenywea.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinisogelea, akanizaba kofi moja nikaona nyota!

Halafu akanikumbatia.

Jamani, alinikumbatia kwa nguvu mpaka ile tepu ikanikwaruza shavu, na analia, analia kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

"Sijui nikupige au nikushukuru," akasema. "Miaka kumi na minne! Miaka kumi na minne napita sokoni wananinyooshea kidole. Leo gari limepita, mwenye duka ametoka nje akaniambia, 'Mama Msumari, tusamehe.' Unasikia? Ameniamkia!"

"Mama, ngoja nikuambie..."

"Usiniambie kitu! Jumamosi useme vile vile. Useme na jina la mwanangu. Nitampigia simu, nitamwekea asikie mwenyewe. Nimemwambia ameanza kulia hata kabla hajasikia."

Akafuta macho na ncha ya tepu, akaondoka.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni muda wote.

"Mbona hukumwambia?" nikamuuliza.

"Wewe mbona hukumwambia?"

Mama akakaa chini akashika kichwa.

Mnaona nilipofikia? Nikisema ukweli kwamba nilidanganya, Msumari anarudi kuwa mchomaji pale pale. Nikinyamaza, nakuwa mhalifu wa kosa nisilolijua, mtaani kwa mama yangu, maisha yangu yote.

Lakini hofu yenyewe ilikuwa bado haijaja. Ilikuja Ijumaa saa nne asubuhi.

Mama alikuwa uani akianika. Akaingia mbio, hata vibanio vya nguo bado viko mdomoni.

"Toka! Pitia nyuma! Seremala anakuja na vijana wake!"

"Wangapi?"

"Unahesabu nini? Toka!"

Nikaushika mlango wa nyuma. Nikaufungua. Yule mdogo wa vijana wa seremala alikuwa tayari amesimama pale, ameshika mpini wa jembe, ananiangalia tu. Nikaufunga taratibu kama niliyekosea chumba.

Mlango wa mbele ukasukumwa. Seremala akaingia, mzee sasa, mvi kichwa kizima. Nyuma yake yule mkubwa, yule wa mikono. Mikono ile ilikuwa inaning'inia tu mbele ya shati lake, na macho yake mekundu.

"Ni wewe?" akaniuliza.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Nakuuliza, ni wewe uliyenifanya hivi?"

"Toka nje," baba yake akamwambia.

"Baba!"

"Tokeni wote nje. Na wewe mama, nakuomba. Nataka kuongea naye peke yangu."

Wakatoka. Seremala akaufunga mlango kwa ufunguo. Akautoa ufunguo, akautia mfukoni!

Hapo nilijua leo naagwa. Nilianza kusali, nikakuta nasema sala ya chakula. Nawaapia. Ndiyo iliyokuja.

Seremala hakunigusa. Alivuta kigoda cha mama akakaa.

"Nani alikuambia kilikuwa kiberiti?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Ee?"

"Kwenye gari unasema kiberiti. Hapakuwa na kiberiti pale. Wewe hukuwepo."

"Mzee, umejuaje kwamba sikuwepo?"

"Kwa sababu mimi nilikuwepo."

Akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nayeyusha gundi kwenye jiko. Msumari nilishamruhusu aende. Mteja akaniita nikapime mlango wake, nikaacha jiko linawaka, chini maranda yamejaa. Nikapiga soga huko. Niliporudi mtaa mzima uko nje. Na mwanangu yuko ndani, anaokoa mashine yangu."

Akaigeuza kofia mikononi.

"Kesho yake, hospitalini, ananiuliza, 'Baba, nani kafanya hivi?' Wewe ungemwambia nini? Mikono imefungwa mpaka kwenye viwiko. Nikasema, 'Msumari alikuwa na ufunguo.' Nilisema hivyo tu! Wengine wakamalizia."

"Mzee, yule kijana walimvunja jino..."

"Najua walichomvunja! Nilikuwepo!"

Akaivaa kofia. Halafu akanitazama, na mtazamo wake ulikuwa umebadilika.

"Sasa mtumishi, nimeungama. Ninyi mkiungamiwa mnanyamaza, si ndiyo?"

Ni kweli. Siku tunawekewa mikono tunaapa, mbele ya wazee wote, kwamba anachotuungamia mtu kinaishia kwetu. Mzee alikuwa amenifunga mdomo kwa kiapo changu mwenyewe.

"Kesho," akaendelea, "sema kama ulivyosema kwenye gari. Mimi nitapanda jukwaani, nitakusamehe mbele ya watu wote. Msumari anakuwa huru. Mama yake anapumua. Wewe unapata mkutano wako. Mwanangu anapata mtu wa kumsamehe, labda usingizi utamjia. Niambie, nani anaumia hapo?"

Nilitafuta jibu, wallahi sikulipata. Mwinjilisti mzima, miaka sita nafundisha watu, nimekosa jibu! Na nje namsikia yule kijana anatembea huku na huku dirishani.

"Sawa, mzee," nikasema.

Ndiyo. Nilisema sawa. Nilikuwa naogopa mno.

Akafungua mlango.

"Msimguse," akawaambia vijana wake. "Tumeyamaliza."

"Mmeyamaliza vipi?" yule mkubwa akauliza. "Amekuambia nini?"

"Nimesema tumeyamaliza. Twende nyumbani."

Yule kijana aliniangalia, akamwangalia baba yake, akaniangalia tena. Halafu akaondoka nyuma ya wenzake.

Jumamosi mchana mama ananipigia pasi shati. Hajaongea na mimi tangu jana yake. Ghafla akasema, bila kuinua macho:

"Ulikuwa mtoto mzuri. Uliona aibu gani kusema hivyo?"

Afadhali angenizaba kofi na yeye.

Saa tisa alasiri, uwanja wa shule. Mratibu hakutia chumvi, hapakuwa na pa kukanyaga! Watu wako juu ya ukuta, juu ya magoli, wengine wametoa vichwa madirishani mwa madarasa. Mratibu ananipiga mgongoni.

"Na seremala mwenyewe amekubali kukusamehe jukwaani! Mtumishi, hii itavuma!"

Seremala alikuwa ameketi jukwaani kwenye kiti cha plastiki, suti nyeusi, maiki ya pili iko mapajani mwake. Vijana wake wako mstari wa mbele. Mama Msumari naye mbele, amevaa nguo aliyojishonea, mpya kabisa, simu ameinyoosha juu kuelekea spika. Mwanae yuko hewani.

Nikashika maiki. Ikanigonga meno.

"Bwana asifiwe."

"Ameeen!"

"Mmesikia ushuhuda wangu kwenye gari."

"Ndiyooo!"

Seremala akanipa ishara ndogo ya kichwa. Endelea.

Nikamtazama Mama Msumari na ile simu. Nikawaza, huyu kijana akisafishwa leo kwa uongo wangu, siku uongo huu ukikatika nani atamsafisha tena? Utakatika tu. Mama yangu anajua. Kwaya nzima niliyoenda nayo kambini inajua. Kuna mwimbaji wetu mmoja wa alto yuko pale pale kwenye ukuta!

Nikapiga moyo konde.

"Ule ushuhuda ni uongo."

Mtoto mmoja akapiga chafya mbali huko nikamsikia.

"Sikuchoma karakana. Siku ile nilikuwa kambi ya kwaya. Nimedanganya miaka sita, kila mji, kwa sababu niliona maisha yangu hayana kitu cha kusimulia. Naomba mnisamehe."

Mngeona mkono wa Mama Msumari unavyoshuka. Polepole. Simu ikafika kifuani.

"Ulisema ni wewe," akasema. Hakupiga kelele, lakini nilisoma midomo.

Na mtu huko nyuma akapaza sauti:

"Basi ni Msumari yule yule!"

"Ndiye! Tangu zamani tulisema!"

"Hapana!" nikapiga kelele kwenye maiki. "Sikilizeni! Msumari hakuchoma! Hilo nalijua kwa hakika!"

"Umelijuaje?"

"Nalijua!"

"Nani kachoma basi?"

"Siwezi kusema."

Uwanja ukalipuka. Kicheko, miluzi, matusi.

"Mwongo! Umedanganya miaka sita, leo tukuamini nini?"

Hapo ndipo nilipokiona cha moto, ndugu zangu. Mara ya kwanza nina ukweli mdomoni, tena ukweli wa kumwokoa mtu, na hakuna hata mmoja anayeununua kwangu. Nilikuwa nimeutumia mdomo wangu wote. Chupa ya maji ikanipata bega, ya pili ikapita sikioni. Mratibu alishatoweka nyuma ya spika.

Yule mkubwa wa seremala akapanda jukwaani.

Nikajifunika uso. Nikasema, haya, umefika.

Alinipita.

Akaenda kusimama mbele ya baba yake.

"Baba," akasema, na maiki iliyokuwa mapajani mwa mzee ikaibeba sauti yake uwanja mzima. "Jana nilikwenda pale kumvunja huyu. Ukajifungia naye ndani. Ukatoka ukasema nisimguse. Kama hakuwa na kosa la kukiri, mlimaliza nini?"

Seremala akaangalia viatu vyake.

"Yeye alikuambia nini?"

Kimya.

"Au wewe ndiye uliyemwambia?"

Mzee alikuwa anatazama ile mikono, iko karibu na uso wake kabisa. Mdomo wake unacheza tu.

"Zima hii maiki," akasema.

Tukamsikia wote, spika zote nne.

"Baba."

"Zimeni hii maiki, nawaomba!"

Hakuna aliyeizima.

"Ni jiko langu," seremala akasema. Akainamisha kichwa mpaka kwenye magoti. "Niliacha jiko. Msumari alishakwenda kwao. Ni jiko langu, mwanangu."

Yule kijana alisimama pale kama dakika nzima. Halafu akashuka ngazi, akapita katikati ya watu, na watu wakampisha, akaondoka uwanjani bila kugeuka. Mdogo wake akamkimbilia.

Mama Msumari aliinua simu sikioni.

"Umesikia?" akauliza. "Baba yangu, umesikia?"

Sijui aliambiwa nini. Nilimwona tu akikaa chini, kwenye vumbi, na ile nguo mpya.

Siri ya mzee nimeiandika hapa kwa sababu aliitoa mwenyewe mbele ya watu. Isingekuwa hivyo msingeisikia kwangu.

Huduma ilinisimamisha Jumatatu. Sikubishana. Wameiandikia miji yote niliyopita, na mimi nimeandika barua ya kwangu kwa kila mji, nakiri. Wengine wamenijibu kwa upole. Wengine wamenijibu nikafuta kabla sijamaliza kusoma. Mmoja aliniambia amerudia pombe, na hilo linanikaba mpaka leo.

Seremala na mwanae hawaongei bado. Hilo sina la kulipamba.

Msumari hakurudi. Alimwambia mama yake ana mke na kazi huko aliko, na kwamba huko hakuna anayemjua kwa jina hilo. Alimtumia nauli ili yeye ndiye aende kumwona.

Kabla hajasafiri nilimfuata Mama Msumari kwake. Nilisimama mlangoni, cherehani inanguruma.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Hakusimamisha mguu.

"Alhamisi ulinipa mwanangu. Jumamosi ukaninyang'anya. Halafu ukanirudishia, wakati watu wanakutupia chupa. Wewe unajua moyo wangu ulivyokuwa?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa kimya kwanza."

"Mpaka lini?"

"Nitakuambia."

Nikakaa kimya. Mwinjilisti, miezi kumi na moja, sijashika maiki. Nafagia lile kanisa alilokuwa anafagia mama, maana mgongo umemkataa. Wagonjwa nawatembelea, nakaa nao, nawasikiliza. Wengi hawaniombi nihubiri, wanataka niwafungulie dirisha au niwasogezee maji. Nadhani huu ndio umisionari niliotumwa kwetu, ila kwenye barua haukuandikwa hivi.

Wewe unayesimama mbele za watu kusema Mungu alikutoa wapi, nakuomba kitu kimoja. Sema ulipotoka kweli, hata kama ni karibu. Ukiokota maisha ya mtu mwingine ili usikike, kuna mwenye nayo mahali fulani, na ana mama.

Jana Mama Msumari alirudi kutoka kwa mwanae. Amenenepa! Nikamkuta getini, nikamsalimia, akaitikia. Nikamwambia nataka kuandika yote haya mtandaoni, ila siandiki bila ruhusa yake.

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Andika," akasema. "Ila usijifanye shujaa. Andika na lile kofi."